Yule Mzee: shajara ya kipindi cha sauti

5 Aprili

Nimeanza rasmi. Kipindi cha sauti cha sehemu nne, kila sehemu dakika 20, kuhusu kazi ya Barry Fitzgerald, mwigizaji wa Ireland. Msomaji ni Mzee wetu wa michezo ya redio, ana miaka 76 na sauti ambayo watu wa rika langu hapa Tanga tumeikuta. Mitambo ni ya kijana wa studio ya mtaa wa pili: maiki moja, kompyuta, na godoro langu lililosimamishwa ukutani kuua mwangwi. Muswada ni juu yangu. Mimi ni karani wa masijala, kwa hiyo muswada unaandikwa usiku.

Chanzo ni swali la shangazi. Mwaka jana tulikaa sebuleni kwa mjomba kuangalia The Quiet Man, filamu ya John Ford ya 1952. John Wayne akapigana mpaka mtoni, Maureen O'Hara akanuna na kupendeza kwa wakati mmoja, na picha ilipokwisha shangazi hakuwaulizia hao. "Yule mzee wa gari la farasi," akasema, "yule mwenye kofia na kiko, anaitwa nani?" Hakuna aliyejua. Nikaenda kutafuta jina, na hadi leo sijarudi.

8 Aprili

Tumekwama kwenye neno. Kazi aliyoifanya huyu bwana maisha yake yote tuiite nini? Nimeandika "mwigizaji msaidizi", kama watangazaji wanavyosema wakati wa tuzo. Mzee akavua miwani.

"Msaidizi wa nani, mwanangu? Anambebea steringi begi?"

Kwenye vibanda vya video tulikokulia hesabu ilikuwa rahisi. Kuna steringi, kuna adui, kuna demu wa steringi, halafu kuna mshkaji wake ambaye lazima afe ili steringi akasirike. Steringi hafi, hilo hata mtoto analijua. Lakini mpishi wa meli, mlevi wa jirani, padri aliyechoka, hakimu, mtunza bustani? Hao hawakuwa na jina. Tulikuwa tunasema "yule mzee", na kila mtu anajua ni yupi.

Basi hilo ndilo jina la kipindi: Yule Mzee. Fundi wa sauti kalikubali, Mzee mwenyewe kacheka, akauliza kama nampiga kijembe.

12 Aprili

Rasimu ya sehemu ya kwanza imekamilika. Jina lake halisi ni William Joseph Shields, amezaliwa Dublin tarehe 10 Machi 1888, barabara ya Walworth, mtaa wa Portobello. Baba ni Adolphus Shields, mtu wa harakati za wafanyakazi. Mama anatoka Hamburg, Mjerumani. Familia ya Kiprotestanti katika mji uliojaa Wakatoliki. Nimeliweka hili mapema kwa sababu mbele litakuja kudai chake.

Mwaka 1911 akaingia utumishi wa serikali, na kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata alikuwa upande wa bima ya wasio na kazi. Katikati ya miaka ya 1910 akaanza kucheza Abbey Theatre, ukumbi uliofunguliwa Desemba 1904, ambako mdogo wake Arthur alikuwa tayari ndani. Mchana faili, jioni jukwaa. Jina la Barry Fitzgerald alijipa ili wakubwa wa ofisini wasije wakaliona la karani wao kwenye karatasi ya matangazo ya mchezo. Hapa sikuhitaji kutafiti chochote. Niliwahi kuomba ruhusa ya saa moja nikafanye mazoezi ya mchezo, nikaulizwa kama masijala imekuwa ukumbi wa taarabu.

Hakuwa peke yake. F. J. McCormick, mwigizaji mwingine mkubwa wa Abbey, jina lake halisi lilikuwa Peter Judge, naye alitokea utumishi wa serikali. Makarani wawili, majina mawili ya kujificha. Yawekwe akilini mpaka sehemu ya pili.

13 Aprili

Kuna kisa kinachosimuliwa juu ya siku zake za mwanzo, nikakiona kizuri mno kukiacha. Alipewa sehemu katika The Critic, mchezo wa Sheridan, na sehemu yenyewe ilikuwa maneno manne tu. Ulimi ukateleza: sauti ya mwanzo ya neno moja ikaruka kwenye neno jingine, maana ikapotea, ukumbi ukaangua kicheko. Kwa Kiingereza kichekesho kiko masikioni. Kwa Kiswahili, ukieleza hivi nilivyoeleza, kinakuwa taarifa ya ajali.

Nimehangaika siku nzima. Mwisho nikampelekea Mzee, naye hakuchukua hata dakika. "Utotoni hamkusema kinyume nyie?" Tulisema. Kila mtoto wa Pwani amewahi kugeuza silabi ili wakubwa wasielewe, mpaka anapigwa kofi na mkubwa aliyeelewa. Mzee akafumba macho, akatoa sauti ya mhudumu wa ikulu mwenye hofu. Alitakiwa aseme: "Ni haki iwe hivyo." Akasema: "Ni hiki awe hivyo." Irabu mbili zimebadilishana viti, maneno yamebaki manne, na fundi wa sauti alicheka hadi akagonga maiki.

Imeingia kama ilivyo.

19 Aprili

Masika. Mvua juu ya mabati, dakika 14 za kurekodi zimekwenda na maji. Fundi anasema programu yake inaweza kuondoa kelele za feni lakini si za mvua. Tumekunywa chai, tumekwenda nyumbani.

26 Aprili

Leo Juno and the Paycock, na leo ndiyo nimeelewa ninaandika kuhusu nini.

Mchezo wa Sean O'Casey, onyesho la kwanza Abbey tarehe 3 Machi 1924. Dublin ya wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kupanga, familia moja chumbani. Mke, Juno, ndiye anayelisha nyumba, na aliigizwa na Sara Allgood. Mume ni Nahodha Boyle. Unahodha wake ni wa kujipa: bahari anayoijua ni ya safari ya meli ya makaa kwenda Liverpool, lakini mtaani anasimulia dhoruba na nyota kama mtu aliyezunguka dunia. Ikitajwa kazi, miguu inamuuma. Maumivu ya kweli kabisa, yanaanza pale tu mtu anapofika na habari za kibarua.

Pembeni yake yuko Joxer, anayekunywa chai ya Boyle, anayesifu kila anachosema Boyle, na anayemsengenya Boyle akigeuza mgongo. Nilikuwa nimeandika "rafiki mnafiki". Fundi akasoma juu ya bega langu: "Dada, si useme tu chawa?" Nimefuta, nimeandika chawa. Sijui kama neno hili litadumu miaka kumi ijayo, ila kwa sasa hakuna linalomkaa Joxer vizuri zaidi.

Boyle alikuwa Fitzgerald. Joxer alikuwa McCormick. Makarani wetu wawili! Na huyu Fitzgerald mchana yuko kwenye mafaili ya wasio na kazi, jioni anacheza mwanamume ambaye kazi ikimtafuta anajificha. Sidai kwamba alimnakili mtu yeyote kutoka ofisini. Lakini mimi ninayeshinda na mafaili najua kwamba faili lina sura, lina kikohozi na lina visingizio vyake.

Jambo lililonifungua macho ni dogo zaidi. O'Casey ameandika kwamba Boyle ni mtu wa miaka sitini hivi. Fitzgerald usiku ule wa kwanza alikuwa amebakiza wiki moja kutimiza 36. Yule mzee hakuwa mzee. Alikuwa kijana wa makamo anayejua namna mzee anavyoshuka kwenye kiti, anavyoanza sentensi kabla hajajua itaishia wapi, anavyotumia kofia kupata muda wa kufikiri. Miaka karibu kumi alikuwa akifanya hivyo katika ukumbi uliobadilisha mchezo mara kwa mara, wiki hii mfalme, wiki ijayo fundi bati. Sehemu iliyomtoa ilikuwa 1919, mfalme katika The Dragon, mchezo wa Lady Gregory.

Nimefuta ukurasa wote wa mwanzo niliouandika kuhusu "kipaji". Naanza upya na uzee kama kitu cha kujifunza.

3 Mei

Sehemu ya pili inakaribia dakika 31 badala ya 20, na sina ninachotaka kukata, kwa sababu hapa ndipo penye ngumi.

Tarehe 8 Februari 1926 Abbey walifungua The Plough and the Stars, O'Casey tena, safari hii kuhusu Uasi wa Pasaka wa 1916, Waairishi walipoinuka dhidi ya utawala wa Waingereza. Miaka kumi haijatimia tangu watu wapigwe risasi. Mwandishi amewaonyesha wapiganaji, lakini kando yao amewaweka walevi, waporaji wa maduka, kahaba baani, na bendera ya wapiganaji ikiingizwa ndani ya baa hiyohiyo. Tarehe 11 ukumbi ukalipuka. Waliopinga, wengi wao wanawake, baadhi wafiwa wa 1916, walipiga kelele, na vijana wakapanda jukwaani. Mmoja alikutana na Fluther Good, fundi seremala mlevi wa kwenye mchezo, yaani Fitzgerald ndani ya nguo za Fluther. Akala ngumi moja, akarudi chini kwa watazamaji. W. B. Yeats, mshairi na mmoja wa waanzilishi wa Abbey, naye akapanda kuwaambia wamejiaibisha tena. Hiyo "tena" ilikuwa ya 1907, walipofanya fujo kwenye mchezo wa Synge.

Mzee aliusoma mkanda huu kwa furaha isiyo ya kawaida. Nikamuuliza kama naye amewahi kupiga mtazamaji. "Redioni, mwanangu? Ningempiga nani, betri?"

Lakini kuna kitu ambacho nilitaka kikae kimya katikati ya fujo hiyo. Usiku ule Arthur Shields, mdogo wake, naye alikuwa kwenye mchezo, akiigiza Luteni Langon, mmoja wa waasi. Na Arthur alipigana kweli mwaka 1916. Bunduki yake, inasimuliwa, ilikuwa imefichwa chini ya jukwaa la Abbey lenyewe. Baadaye Waingereza walimfunga kambi ya Frongoch, Wales. Kwa hiyo pale chini wapo waliosema mchezo unawatukana wapiganaji, na pale juu yupo mpiganaji, amevaa sare ya kuigiza. Nimemwambia Mzee asiweke chumvi yoyote hapa. Asome, apumue, aendelee. Akasoma hivyo.

Kilichokatwa: ruzuku ya pauni 850 ambayo serikali iliipa Abbey mwaka 1925. Inauma, kwa kuwa mtu wa masijala hupenda ruzuku, lakini hakuna mtu mwingine anayeipenda.

10 Mei

Leo fupi. 1929, miaka 41, ameacha kazi ya serikali. Miaka kumi na minane ya utumishi, pensheni inaonekana kwa mbali, naye anakwenda London kucheza The Silver Tassie, mchezo wa O'Casey ambao Abbey wenyewe waliukataa mwaka 1928. Ulionyeshwa Apollo Theatre, Oktoba, na steringi alikuwa Charles Laughton.

Halafu linakuja lile lililonichoma. Alfred Hitchcock akatengeneza filamu ya Juno and the Paycock, ikatoka 1930. Sara Allgood akapewa Juno wake. Boyle akapewa Edward Chapman. Fitzgerald, aliyemzaa Boyle, yumo kwenye filamu hiyo pia: ni mhutubiaji wa barabarani mwanzoni, dakika chache, kisha hayupo tena. Nimeitazama mara tatu. Anahutubia kwa nguvu zote, hajinyimi kitu. Mjomba aliyekuwa amekaa nyuma yangu akasema, "Huyu angefaa ubunge."

17 Mei

Sehemu ya tatu, Hollywood, na tatizo la orodha. Filamu ni nyingi, na muswada umeanza kunuka leja. Nimejiwekea sharti kwamba filamu isiyoonyesha namna mpya ya kuwa mzee inatoka.

Zilizobaki: The Plough and the Stars ya 1936, kwa kuwa ndiyo iliyompeleka. John Ford aliwaita watu wa Abbey waje wacheze pamoja na Barbara Stanwyck, Fitzgerald akamrudia Fluther, na ngumi hii ilikuwa ya kulipwa. Alikuwa na miaka 48. Bringing Up Baby ya 1938 imebaki kwa sababu ya mtunza bustani anayeona chui bustanini na kushuku chupa yake kwanza. The Sea Wolf ya 1941 ndiyo inayomshangaza anayemjua kwa upole: yeye ni mpishi wa meli, mnoko, mchongezi, kicheko chake kinakera kama kijiko kinachokwaruza sufuria. Ukitaka kujua kwamba uzee mwema wa huyu bwana ni ufundi na si tabia, mwangalie hapo. Na mwaka huohuo How Green Was My Valley, ambamo ni Mwelisi, katika kijiji cha Wales kilichojengwa California kwa sababu Ulaya ilikuwa vitani. Arthur yumo, Sara Allgood yumo. Nusu ya Abbey inaongea Kiwelisi cha kubahatisha.

Fundi alipekua orodha yangu akakuta Tarzan's Secret Treasure, 1941 pia. "Dada, amefika huku?" Hajafika. Afrika ile ni ya studio, na lile "ungawa" la Tarzan, ambalo watu wa nje huwa wananiuliza kama ni Kiswahili, si Kiswahili. Fitzgerald ni O'Doul, Mwairishi mcheshi aliyetumwa msituni kuleta ucheshi. Hakuna uzee mpya hapo, kwa sharti langu ilipaswa itoke. Nimeiachia sentensi moja, kwa heshima ya fundi.

24 Mei

Going My Way. Nimeandika sehemu hii mara nne.

Padri Fitzgibbon ana parokia New York, kanisa alilolijenga mwenyewe, miaka 45 yuko hapo, madeni yamemfika shingoni, na askofu amemletea padri kijana, Bing Crosby, aje ashike hatamu bila mzee kujua. Fitzgerald alikuwa na miaka 55 wakati wa kuigiza. Tena Mprotestanti, anaigiza padri Mkatoliki ambaye Wakatoliki walimpokea kama wao. Angalia tu anavyolala kwenye kiti. Hasinzii kama mwigizaji anayesinzia, anasinzia kama mtu anayebishana na usingizi na kushindwa kwa pointi chache. Mwisho wa filamu wanamletea mama yake kutoka Ireland, kikongwe, na padri mzee anageuka mtoto mbele ya kwaya. Hapo ndipo uzee wote wa nyuma unapolipa. Kama asingekuwa mzee kikamilifu, asingekuwa mtoto.

Kisha yale ya tuzo. Wapiga kura wa Oscar walimteua kwa nafasi hiyohiyo moja mara mbili: mwigizaji bora na mwigizaji bora msaidizi. Kwa maneno ya kibanda cha video, aliteuliwa steringi na yule mzee kwa pamoja, akishindana na Crosby wa filamu ileile. Tarehe 15 Machi 1945 Crosby akachukua ya kwanza, Fitzgerald ya pili, na chama cha filamu kinachotoa tuzo hizo kikabadilisha kanuni ili nafasi moja isiteuliwe kotekote tena. Kwa sababu ya vita sanamu zilikuwa za plasta, na siku moja nyumbani, akijizoeza kupiga gofu, akaikata ya kwake kichwa. Akapewa nyingine. Mzee alitaka tuanze kipindi kizima na kichwa hicho. Nimekataa.

Nimekataa kwa sababu ya jambo jingine la miezi hiyohiyo, ambalo wengi wanaosimulia gofu huliruka. Machi 1944, Hollywood, Fitzgerald akiendesha gari aligonga mwanamke mzee na binti yake. Mama akafa, binti akaumia. Alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na Januari 1945 akaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Miezi miwili baadaye akawa amesimama na tuzo mkononi. Niliwauliza wenzangu: tuseme au tusiseme? Fundi alisema haihusu uigizaji. Mzee alinyamaza muda mrefu, akasema, "Aliyekufa alikuwa na watu wake." Tumeiweka kabla ya tuzo, sentensi tatu, bila muziki. Gofu imesogezwa mbali, baada ya tangazo la katikati, ili vicheko visigusane na kifo.

31 Mei

Siku nzuri kuliko zote. Nimerudi kwa shangazi na The Quiet Man, safari hii na daftari.

Kazi ya Michaeleen Óge Flynn, yule mzee wa shangazi, kwa Kiswahili haihitaji maelezo hata nusu sentensi. Ni mshenga. Anavaa kofia rasmi kwenda kuposa, anazungumza na kaka wa binti kwa lugha ya mzunguko, halafu anawabeba wachumba kwenye gari la farasi, huyu upande huu na yule upande ule, migongo imetazamana, ili adabu isivunjike. Anasema kwa ukali ule wa mshenga ambaye ameshakunywa kidogo. Farasi wake akifika mbele ya baa anasimama mwenyewe. Shangazi alisimulia washenga watatu wa ukoo wetu waliokuwa hivyohivyo, majina yao hayaandikiki hapa.

Tatizo likaja kwenye pesa. Ugomvi wote wa filamu unatokana na pauni 350 ambazo kaka wa binti anazikatalia. Nilikuwa nimeandika mahari. Binamu yangu akakaa wima: "Sasa mume ndiye anayedai mahari? Kaoa au kaolewa?" Yuko sahihi. Kwetu mahari inatoka kwa mume na ni haki ya mke. Kule ilitoka kwao mke na kwenda naye. Nikiacha neno mahari, msikilizaji anamwona John Wayne kama mwanamume anayelilia pesa za wakwe, ilhali yeye ndiye asiyezitaka. Anayezitaka ni mke, pamoja na samani za mama yake, kwa sababu bila hizo anajiona ameingia nyumba ya watu kama mtumishi. Shangazi alimaliza mjadala bila kuacha kuchambua mchele: "Hiyo ni haki yake ya kwao." Nimeandika hivyo. Maneno manne yamekaa pale ambapo ningehitaji aya.

Tumecheka pia kwenye kitanda kilichovunjika, asubuhi ya pili, mshenga anapoingia na kudhani anachodhani. Fitzgerald hasemi mengi. Macho yanafanya kazi yote. Binamu mdogo aliambiwa akachote maji.

Kitu kimoja nimekigundua mara hii ya tano. Katika filamu hii Arthur Shields ni mchungaji wa Kiprotestanti, Mchungaji Playfair, mpole, anayeficha siri ya steringi. Baada ya miaka yote ile ya ndugu wawili kuvaa dini na mataifa ya wengine, mmoja wao ameruhusiwa kuvaa ya kwao.

7 Juni

Sehemu ya nne, ya mwisho. Kuna tarehe mbili zinakutana, na nimeogopa kuzipamba.

The Quiet Man ilipigwa picha kijijini Cong, kaunti ya Mayo, kiangazi cha 1951. Kiangazi hichohicho, usiku wa kuamkia tarehe 18 Julai, Abbey iliungua. Mchezo uliokuwa umechezwa jioni hiyo ulikuwa The Plough and the Stars, mchezo wa Fluther, mchezo wa ngumi. Kikundi kikahamia Queen's Theatre, na Abbey mpya haikufunguliwa hadi tarehe 18 Julai 1966. Fitzgerald hakuiona. Alirudi Dublin mwishoni mwa miaka ya 1950, akaigiza Broth of a Boy ya 1959 kama mzee kuliko wazee wote duniani, akaugua, akafanyiwa upasuaji wa kichwa, akafa tarehe 4 Januari 1961. Kazikwa Deansgrange.

Kabla ya hayo yote kuna The Naked City ya 1948, ambayo karibu niisahau, na ingekuwa dhambi. Ni filamu ya polisi iliyopigwa mitaani New York, kamera zikifichwa ndani ya gari, na humo Fitzgerald ndiye steringi! Luteni Muldoon, karibu miaka sitini. Kukimbizana kote kunafanywa na vijana. Yeye anakaa mezani, anauliza, anasikiliza, anaimba kidogo asubuhi akitengeneza kifungua kinywa. Nimeirudisha sehemu ya tatu, dakika moja na nusu, Tarzan imekufa rasmi. Fundi kasusa kwa saa moja.

14 Juni

Hali ilivyo: sehemu ya kwanza imehaririwa, dakika 19. Ya pili 27, imekataa kupungua, nimeiacha. Ya tatu 22. Ya nne imerekodiwa jana, mvua haikunyesha, jogoo wa jirani amesikika mara mbili na fundi amemtoa mara moja.

Tulisikiliza zote nne mfululizo usiku, sisi watatu na shangazi. Zilipokwisha Mzee hakusema ni nzuri wala mbaya. Aliuliza tu alikufa na miaka mingapi. Nikamwambia 72.

"Basi namzidi," akasema. Akaomba turudie kusikiliza Boyle wa 1924. Akaisimamisha katikati. "Hapa nimekosea, mwanangu. Nimemsoma kwa sauti yangu, ya mtu aliyechoka kweli. Huyu alikuwa kijana wa miaka 35. Pumzi anayo, anaificha. Mimi sina, nikaionyesha. Turudie hiyo."

Fundi ametazama saa, ametazama betri. Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, kabla mabati hayajapata joto na kuanza kulia.